Operesheni ya Pili

Juzi niliingia duka la dawa pale Bunda kununua dawa ya macho, na kijana anayehudumia akaangusha chupa ya spiriti sakafuni. Ikapasuka. Wateja wakaziba pua na kutoka nje, mimi nikabaki nimesimama palepale naivuta harufu ile mpaka kijana akaniuliza, "Bibi, uko salama?" Nikamjibu kwamba niko salama kuliko yeye, maana mwenye duka alikuwa anamtazama. Lakini ukweli sikuwa dukani tena. Nilikuwa kitandani, wodi ya watoto, paja langu la kushoto limetobolewa na vyuma, na mama amekaa pembeni ananipepea kwa upande wa khanga yake.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa nikisema kwamba zamani zile neno "operesheni" lilikuwa na kazi nyingi. Mtoto wa leo akilisikia anawaza kisu na daktari, basi. Sisi tulilisikia redioni, tukalisikia shuleni, tukalisikia mikutanoni, na kila mara lilikuwa limebeba mzigo mwingine. Mimi peke yangu kijijini kwetu ndiye niliyekuwa nayo mwilini, na sioni haya kusema kwamba nilijivuna nayo.

Kwetu ni upande wa Kiriba, kwenye ile rasi ambako shamba likiisha ziwa linaanza. Baba yangu, Majura, alilima pamba na mihogo, na pamba ilipokuwa haimhitaji alivua. Aliniita "mama" kwa sababu nilirithi jina la mama yake, ambaye kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na zizi. Basi nyumbani kwetu mtu akiita "mama" tulikuwa wawili wa kuitika, mmoja mwenye jiko na mmoja mwenye kelele.

Nilipokuwa mdogo sana mfupa wa paja la kushoto uliugua. Ulivimba, ukatoa usaha, ukapona, lakini ukagoma kukua. Mwenzake wa kulia akaendelea na safari bila kumsubiri. Nilipoanza shule nilikuwa natembea kwa kuzama upande mmoja na kuibuka, na wenzangu wakanibatiza Mlima-Bonde. Jina halikuniuma sana. Kilichoniuma ni maji. Nilipotoka ziwani na ndoo kichwani, kila hatua ya bonde ilimwaga kidogo begani, na nikifika nyumbani ndoo ilikuwa nusu na bega langu la kushoto limelowa mpaka kiunoni. Mama alikuwa akiipokea ile nusu, anasema ahsante mwanangu, halafu anakwenda mwenyewe kujazia. Hilo ndilo lililonitia uchungu.

Habari za daktari mgeni zililetwa na mganga wa zahanati. Alimwambia baba kwamba kwenye hospitali kubwa, safari ya kutwa nzima kwa basi kupita Bunda, kuna daktari anayejua kurefusha mguu. Anaukata mfupa, anapiga vyuma juu na chini ya pale alipokata, halafu anauvuta kidogo kidogo kila siku, na katika lile pengo mfupa mpya unaota. Baba alimwuliza mara mbili kama ndivyo alivyosikia. Shangazi yangu aliyeolewa Butiama alipopata habari alifunga safari kuja kutuzuia.

"Mfupa inavutwaga?" alisema, hata kabla ya kukaa. "Majura, mfupa ni mpira hiyo?"

"Wanasema inavutika, dada."

"Wanasema! Na wewe unaamini kila kitu wanasema?"

Baba aliamini. Tukaenda. Ya hospitali sitayaeleza yote, maana mengine mama yangu ndiye aliyeyabeba, mimi nililala tu na kupiga mayowe. Nakumbuka kuzuiwa uji asubuhi ile. Nakumbuka kuamka na kuona chuma kirefu kimelala ubavuni mwa paja langu, kimeshikwa na misumari minene iliyoingia mpaka ndani. Kila asubuhi nesi alikuja na ufunguo mdogo, akazungusha skrubu kidogo sana, na mimi nikasikia mguu wote unadai kwenda mahali ambapo sikuwa nimeutuma. Maumivu yenyewe yalikuwa ya polepole, yalianza baada ya yeye kuondoka. Shangazi alipokuja kutuona alikaza macho kwenye ile misumari, akasema, "Mmempiga mtoto vigingi kama mnafunga mbuzi." Tangu siku hiyo mama na mimi tuliviita vigingi.

Daktari mwenyewe alikuwa mtu mpole mwenye Kiswahili cha kitabuni. Kila alipopima alisema, "Tunasawazisha. Miguu itakuwa sawa." Sasa nawaomba mkumbuke shuleni tulikuwa tunaimbishwa nini kila asubuhi. Kwamba binadamu wote ni sawa. Mimi nilikuwa mtoto wa kujumlisha. Nikajumlisha hilo la shuleni na hilo la daktari, nikapata jibu kwamba serikali imeamua kusawazisha watu miguu, na kwa sababu wangu ulikuwa umebaki nyuma kuliko wa wote, wameanza na mimi. Sikumwuliza mtu. Niliona liko wazi kabisa.

Nilirudi nyumbani vyuma vimetolewa na mguu umefungwa hogo, ile plasta nyeupe, kuanzia kiunoni. Watoto wa jirani walisikia kwamba nimewekwa hogo, wakaja wakitegemea muhogo. Mmoja akauliza kama wakishalitoa litapikwa. Tulilala chini kwa kucheka, mimi nikiwa nimeshalala tayari. Lilipotolewa, kule Musoma mjini, chini yake nilikuta mguu mwembamba, mkavu, wenye magamba na makovu ya mviringo, goti limekaza kabisa. Nililia kwa hasira. Nilidhani nimepewa mguu wa mtu mwingine.

Kuuzoea kulichukua muda mrefu kuliko kuupata. Mama alinipeleka ziwani, akaniingiza majini mpaka kiunoni, akaniambia nitembee. Majini mwili ulikuwa mwepesi na maumivu yalikuwa ya kuvumilika, na samaki wadogo, furu, walikuja kunidonoa vidole nikicheka na kulia kwa pamoja. Nyumbani baba alinikunja goti kila jioni, amenikalisha kwenye ngozi, anahesabu kwa sauti nami nafuatisha kwa kelele, ili nimtukane kwa namba badala ya kumtukana kwa jina. Kutoka magongo mawili nikaenda gongo moja. Siku moja nikaliacha gongo mlangoni, nikabeba ndoo ndogo. Nilipofika, mama alitazama ndoo, akatazama bega langu. Lilikuwa na unyevu tu. Hakusema ahsante mwanangu. Alikaa chini pale jikoni akajifunika uso kwa khanga, na mimi nikajua sasa mimi ni mtu wa kutumwa maji.

Lakini miguu haikuwa sawa kabisa. Pengo lililobaki lilikuwa la upana wa kidole na ushee, na viatu nilivyoshonewa vilikuwa na soli moja nene. Daktari alikuwa ametuambia kabla hatujaondoka kwamba nikikua kidogo anaweza kurudia, amalizie. Operesheni ya pili. Kukata tena, vigingi tena, ufunguo tena. "Mkafikiri," alisema. Baba akajibu kwamba tutafikiri. Tukarudi nyumbani na hakuna aliyefikiri kwa sauti. Nikangoja, hakuna neno. Swali nikabaki nalo moyoni.

Ndipo mchana mmoja nikiwa nyuma ya ghala la mtama, nageuza mihogo kwenye jua, akaja Mzee Masatu, balozi wetu wa nyumba kumi. Akakaa na baba upande wa mbele. Sikuwa najificha. Nilikuwa kazini, na masikio yangu yalikuwa yangu.

"Operesheni inakuja," balozi alisema. "Kule Bunda wameshaguswa. Sasa ni sisi."

"Watu wote?"

"Wote. Hakuna wa kubaki. Watu wote wanapangwa mstari mmoja, sawasawa. Wameshapima."

"Wazee pia?"

"Hata wazee. Nakuambia vigingi vimeshapigwa, Majura. Nimeviona na macho yangu."

Muhogo uliniponyoka mkononi. Vigingi!

Baba akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeizoea. "Mimi operesheni siitaki. Tulikuwaga hivi tangu babu zetu. Iliyopo inanitosha. Huwezi kung'oa kitu kimeshashika halafu ukasema unakisaidia."

"Nyamaza," balozi alimwambia haraka. "Maneno hiyo uiachie hapa hapa. Mkutanoni usiiseme. Watu wametajwa majina kwa wakubwa, kwa kitu kidogo kuliko hiyo."

Niliondoka pale na mambo mawili yakigombana kifuani. La kwanza lilikuwa fahari. Kumbe nilijumlisha vizuri! Wanasawazisha watu wote sasa, na mimi nilitangulia. La pili lilikuwa hasira kubwa, hasira ya kumeza mate. Baba hataki. Ndiyo maana alikuwa kimya muda wote. Anasema iliyopo inamtosha, kana kwamba mguu ni wake na yeye ndiye anayevaa kiatu cha soli nene. Nilimpenda sana baba yangu, na kwa sababu hiyo nilimkasirikia mpaka sikula sato jioni ile, na mwenye kunijua atajua kwamba ilikuwa hasira kweli.

Fahari nikaitumia kwa kufungua darasa. Niliwakusanya watoto wa jirani, nikawaeleza operesheni inavyokuwa. Kwamba siku yenyewe huruhusiwi uji. Kwamba unapulizwa dawa ya usingizi. Kwamba vigingi vinaingia mpaka kwenye mfupa, lakini unazoea. Binti wa baba yangu mdogo akaanza kulia. Mtoto mmoja aliyekuwa mrefu kuliko sisi sote akauliza, "Na sisi wenye miguu mirefu?" Hilo sikuwa nimelifikiria, lakini mwalimu hakosi jibu. Nikamwambia, "Nyie mtapunguzwa."

Siku ya mkutano, kina mama wa pale kwetu walishangaa kuona watoto wengi wamegoma uji.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la pamba la ushirika, kwenye ule uwanja ambao siku zote huwa na nyuzi nyeupe zimenasa kwenye majani. Katibu wa chama alikuwa ametoka Musoma, amevaa shati la kaki lililopigwa pasi vizuri. Alizungumza kwa muda mrefu juu ya shule, na bomba la maji, na zahanati, na watu kuwa pamoja. Sikuona vibaya. Nilikuwa nangoja afike kwenye miguu. Mwishoni akasema, "Ndugu wananchi, kuna mwenye swali juu ya operesheni?"

Wanaume walitazama vidole vyao vya miguu. Nikawaonea huruma, nikadhani wanaogopa kisu. Nikashika gongo langu, ambalo siku hiyo nilikuwa nimelibeba kwa ajili ya heshima, nikasimama.

"Shikamoo, Ndugu Katibu. Baba yangu operesheni hataki. Amesema iliyopo inamtosha. Lakini mimi naitaka."

Mama alinivuta gauni kwa nguvu mpaka nikasikia uzi unakatika. Mzee Masatu alifumba macho. Sikuelewa kwa nini watu wanazitazama nyuso zetu vile, wengine wakisogea mbali na baba kidogo, kwa nusu hatua.

"Baba yako ni nani?" Katibu aliuliza, bila ukali.

Nikamwelekezea kwa gongo. Niliona namsaidia.

Baba akasimama. Akavua kofia, akaikunja, akaishika kwa mikono yote miwili. Sasa mimi ni mtu mzima na nimesimama mbele za watu mara nyingi, najua alikuwa na muda kiasi gani wa kufikiri. Hakuwa nao.

"Ni mimi, Ndugu Katibu. Huyo ni mwanangu, tena ni mama yangu, ana jina lake. Kwa hiyo unaona nagombezwa na wote wawili." Mtu mmoja akacheka kidogo nyuma. Baba akashika hapohapo. "Mtoto anasema kweli. Alifanyiwa operesheni ya mguu hospitali, wakamrefusha. Daktari anataka arudie. Mimi nikasema siitaki. Nilimsikia akilia kule, Ndugu Katibu. Ungemsikia na wewe, usingeitaka."

Katibu akanitazama. "Mguu?"

"Mguu," nikasema, na kwa kuwa niliona haamini nikapandisha gauni mpaka pajani nikaonyesha makovu ya vigingi, moja baada ya jingine. "Hivi ndivyo mtakavyowapiga na hawa wote. Mtaanza lini?"

Yule mtoto mrefu akaangua kilio hadharani kwamba hataki kupunguzwa. Hapo mkutano ukavunjika mbavu. Wanawake walishikana mabega. Katibu mwenyewe alicheka hadi akatoa leso, akafuta macho, na nilipomwona anacheka nikamwona ni mtu wa kawaida tu, mwenye watoto nyumbani. Akasema, "Mzee, mpeleke mtoto. Ana moyo kuliko sisi."

"Nimesikia," baba akajibu. "Nitampeleka."

Tukashika njia ya nyumbani. Mama alitangulia, mgongo wake umekaza. Baba alinishika mkono akanikalisha kwenye jiwe pembeni ya shamba la pamba, na yeye akachuchumaa mbele yangu ili tulingane.

"Mama, ile operesheni si ya miguu. Ni ya nyumba. Tunahamishwa."

"Nyumba yetu?"

"Yetu, na ya kila mtu. Kule kwenye vigingi ndiko tunajenga."

"Na kaburi la bibi?"

"Kaburi linabaki."

Mimi nikalia, kwanza kwa sababu ya kaburi, halafu kwa sababu nilianza kuelewa kwa nini watu walikuwa wamesogea mbali naye. Alinifuta uso kwa kiganja chake kigumu. Akaningoja nimalize.

"Sasa hiyo ya mguu," alisema. "Unaitaka kweli, au ulikuwa umenikasirikia?"

"Umeshamwahidi Katibu."

"Nilimwambia vile ili tufike nyumbani. Usimfikirie Katibu. Hii ya nyumba hakuna mtu ameniuliza. Hiyo ya mguu mimi nakuuliza wewe."

Kudai kitu ulichonyimwa ni rahisi. Nilipowekewa mkononi nikaanza kukigeuzageuza. Nikamwambia anipe muda, naye akasema ninao.

Nikafikiri wakati wa kuhama. Nilifikiri tukishusha nyasi za paa, tukibeba miti na milango kichwani kwenda kule kwenye mstari. Niliwapelekea wajenzi maji, safari baada ya safari, na jioni mguu uliuma maumivu ya kawaida, ya kazi, ambayo hata wa kulia ulikuwa nayo. Nilijipima mlangoni, kidole na ushee. Nikajaribu kuona maisha yangu yote yakipungukiwa na kidole na ushee, nikashindwa kuona mahali ambapo yangepungua. Kisha nikakumbuka ule ufunguo, na mama akiangalia pembeni unapozungushwa. Niliogopa, sitadanganya. Lakini uoga nilikuwa nao hata mara ya kwanza na haukunizuia. Safari hii kulikuwa na kingine. Nilikuwa nimeupenda mguu wangu. Tuliteseka pamoja kuujifunza, na sikutaka kuuambia kwamba haukufika.

Baba alikuwa anapachika mlango wa nyumba mpya nilipomwendea.

"Sitaki," nikasema.

"Unaogopa?"

"Naogopa. Lakini pia huu unanitosha."

Alishikilia mlango pale ulipo, hajaupigilia bado. "Haya," akasema. "Basi haiji." Nami nikaketi kizingitini, karibu naye, nikimshikia misumari mpaka akamaliza.

Katibu alirudi kukagua kijiji kipya. Alipita mbele ya nyumba moja moja, na wenyeji wamesimama milangoni kama walivyoelekezwa. Alipofika kwetu akanitambua, akafurahi kweli. Akainama kuangalia viatu vyangu, akaona soli ile nene bado ipo.

"Mzee, hujampeleka? Si uliahidi mbele ya watu?"

Mstari mzima ulikuwa unasikiliza. Baba hakuvua kofia safari hii.

"Nilimuuliza, Ndugu Katibu."

"Ulimuuliza nani?"

"Mtoto. Mguu ni wake, nikamuuliza. Akasema hapana."

Katibu akatazama huku na huku, akitegemea kicheko kama cha siku ile kwenye ghala la pamba. Watu wa mstari wetu walikuwa wamesimama, kila mmoja mbele ya mlango wake mpya. Hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo ikawa hapana," baba akasema.